Nyumba Isiyouliza

Kwako Dada yangu mpendwa,

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama aliye chumba cha pili akishona. Jumatatu iliyopita sikwenda shule. Nilikwenda chuoni kwako, nikasimama dirishani na kuulizia habari zako kama mtu anayefuatilia mirathi.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningezirefusha hadi karatasi iishe. Sasa salamu. Hujambo, Dada? Kile kikohozi cha harufu ya rangi kimepungua, au bado unaamka koo linawasha? Wenzako wa kiwandani wanaendeleaje? Huku sisi wazima. Mama hajambo, isipokuwa goti lile la kukanyagia cherehani. Baba naye hajambo, bado anasambaza magodoro na bado haulizi njia. Juzi aliuzunguka mtaa mmoja na godoro la watu wawili hadi giza likaingia, na wenye godoro wakalala sakafuni. Alipowafikishia asubuhi alisema barabara zimebadilishwa.

Mimi pia sijambo, kwa mwili. Roho ndiyo iko juu juu. Tangu ulipopiga simu Jumapili ile sikaliki. Nafungua kitabu, nasimama, nakwenda dirishani kuchungulia kitu ambacho hakipo, narudi, nausoma mstari uleule. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningeweza kukupigia, lakini unajua simu ya mama imekwama kwenye spika na kila neno linawafikia wateja waliokuja kupimwa. Tena unajua mimi kwenye simu ni "ndiyo" na "hapana" basi. Baba hakuniita Redio bure, alisema hajawahi kuona redio isiyowashwa tangu inunuliwe. Kwenye karatasi ndiko ninakowaka, kwa hiyo univumilie.

Jumapili ile ulisema kiwanda kinakupa mkataba wa miaka mitano, kwamba utausaini mwisho wa mwezi ujao, kwamba vitabu vyako vya kemia utavigawa, na kwamba mtu asikutajie tena habari za shahada ya uzamili, maana mlango umefungwa. Mama akasema Mungu ni mwema. Baba akasema rangi ni biashara isiyokufa, kila mtu ana ukuta. Mteja mmoja, ambaye kola yake ilikuwa bado na pini shingoni, akakupongeza bila kugeuza kichwa. Kisha ukakata, na cherehani ikaendelea.

Hakuna aliyekuuliza kama unautaka huo mkataba, Dada. Hata mimi sikukuuliza, na simu nilikuwa nimeishika mimi.

Unachokitaka nakijua. Tangu nikiwa mdogo nakuona mezani ukiinua glasi ya maji kwenye mwanga na kuigeuzageuza, baba akikwambia maji ni ya kunywa, si ya kusoma. Nakumbuka pia siku uliyorudi kutoka chuoni kutazama tangazo la uzamili wa sayansi ya maji. Wanataka GPA isiyopungua mbili nukta saba, na wewe una mbili nukta nne. Ulitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, hadi mama akakuomba ukae kwa kuwa unamharibia mshono. Ulisema umebakiza kipande kidogo tu, lakini ni kipande kisichoshoneka. Hakuna aliyetaka kujua kama chini ya mstari ule kulikuwa na mstari mwingine.

Ndivyo tulivyo. Baba haulizi njia. Mama akisahau kipimo cha kiuno, ni heri akisie kuliko kumwita mteja tena, ndiyo maana wateja wake wote wanadhani wamenenepa. Mimi darasani kwetu nina kiti karibu na ukuta, na ukutani, juu ya kichwa changu, pameandikwa kwa rangi ya buluu KUULIZA SI UJINGA. Nimeegemea maneno hayo mwaka mzima na hayajanipenya hata shati.

Basi Jumatatu niliaga kama kawaida nikiwa na sare na mkoba. Nilipofika kona ya duka la vioo nikaitoa sweta yako ya kahawia, niliyokuwa nimeificha chini ya madaftari, nikaivaa juu ya sare. Usinune, ilikuwa imekaa tu kabatini. Nikapanda basi. Njiani niliyarudia maneno ya kusema, na kila nilipoyarudia yalipungua, hadi nilipofika getini nilikuwa nimebakiwa na moja. Mlinzi akauliza naenda wapi. Nikamwambia nimekuja kuuliza. Akataka kujua kuuliza nini, na mimi jibu la swali la pili sikuwa nimeliandaa. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande, akasema basi nipite tu, kwa kuwa asiyejua anachouliza ndiye hasa aliyejengewa chuo.

Ofisi ya masomo ya uzamili iko mwisho wa korido yenye mabenchi, pale penye dirisha la kioo lenye tundu la kusemea. Nilipanga foleni. Nilipofika mbele nikamwambia aliyekuwa nyuma yangu atangulie. Akashukuru. Nikamwambia na wa pili, naye akashukuru, na wa tatu pia. Wa nne alikuwa mwanamume mwenye mkoba wa ngozi, akakataa. Alisema binti, hapa si harusini, adabu haina zawadi, na akanisukuma taratibu kwa ule mkoba hadi pua yangu ikakaribia kioo.

Nyuma ya kioo alikaa karani, mama wa makamo, miwani moja machoni na nyingine juu ya nywele. Akaniuliza nina shida gani. Nikasema, mbili nukta nne. Hayo ndiyo maneno yaliyotoka. Akauliza ya nini, nikasema ya kemia. Akauliza nimehitimu lini, nikautaja mwaka wako. Akaishusha miwani, akanitazama, akamwambia mwenzake wa meza ya nyuma kwamba siku hizi wahitimu wanatoka wadogo kama vifungo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba si mimi, ni dada yangu. Nilifungua mdomo, Dada, naapa. Lakini kumsahihisha mtu mzima mbele ya foleni nzima, na yule wa mkoba akinipumulia kisogoni! Nikaufunga. Kwa hiyo muda wote niliosimama pale nilikuwa wewe, na nilipata kuonja jinsi GPA ya chini inavyotazamwa usoni.

Kwanza alinivunja moyo. Alisema digrii ikishafungwa imefungwa, ile namba haipandi hata uifungie maombi, na anayekwambia kuna mtu ndani anayeweza kuipandisha ni mwizi, tukimjua tumlete. Kisha, bila hata kubadilisha sauti, akasema lakini nani kaniambia kwamba namba ile ndiyo pekee inayotazamwa. Akaniuliza kama nililisoma tangazo lote. Nikatikisa kichwa. Akasema ndiyo kawaida yetu, tunasoma mstari unaotuumiza halafu tunakwenda kulia nyumbani.

Mstari wa pili upo, Dada. Asiyefikisha mbili nukta saba anaweza kusoma kwanza stashahada ya uzamili, mwaka mmoja, masomo ya jioni na Jumamosi. Kuingia huko mbili nukta nne yako inatosha na kubaki. Akiimaliza kwa wastani wa B anaomba uzamili, na hapo wanatazama alama mpya kabla ya zile za zamani. Nilivyosimama tu kama mti akadhani sijaelewa, akarudia polepole. Kisha akauliza nafanya kazi gani kwa sasa. Nikasema niko maabara ya kiwanda cha rangi, napima uzito na unyevu na kukauka. Akauliza kwa muda gani. Nikasema miaka miwili. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Alisema miaka miwili ya maabara, ikiwa na barua ya msimamizi, inahesabiwa, na kwamba wengi wanaokuja pale na alama nzuri hawajawahi hata kuvunja chupa ya maabara. Kwa hiyo kiwanda hicho unachokiita kaburi lako kinaweza kuwa daraja, mradi usijenge nyumba juu yake.

Halafu akaniuliza swali lililonitoa jasho ndani ya sweta yako. Alisema kila anayekuja na namba kama ile huwa ana shimo mahali, na alitaka kujua langu ni mwaka gani. Nikasema wa pili. Akauliza, ugonjwa? Nikasema hapana. Msiba? Hapana. Mapenzi? Foleni ikacheka, na yule wa mkoba akasema hayo ndiyo yaliyomrudisha yeye hapa akiwa na mvi. Nikasema hapana. Basi nini, akauliza karani. Na mimi, ambaye simu ya nyumbani hainisikii, nikasema kwamba nilikuwa nakaa nyuma. Kwamba nilipotea wiki za mwanzo nikaona haya kuuliza, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo swali lilivyozidi kuwa la kijinga, hadi likawa kubwa kuliko mimi, na nilikuwa nikitoka darasani wa kwanza ili lisinidondoke mbele za watu.

Karani akasema hayo hayo niyaandike kwenye maelezo binafsi, kama nilivyoyasema. Watu wote wanaandika "changamoto za kifamilia", akasema, na familia zimechoka kusingiziwa. Akaongeza jambo ambalo sikutaka kukuandikia, lakini nimeamua barua hii isifiche. Alisema mwaka ule mitihani niliyoshindwa ingeweza kurudiwa wakati wa likizo, kabla digrii haijafungwa. Waliorudia ni waliokwenda ofisini kuuliza. Wengine hawakujua.

Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao, siku zilezile za mkataba wako. Akasema nitahitaji pia barua ya mapendekezo kutoka kwa mhadhiri anayenikumbuka, akauliza yupo? Nikakumbuka yule uliyekuwa ukimwita Profesa Bomba, kwa sababu kila mfano wake ulikuwa wa bomba la maji. Karani akanyoosha kidole ng'ambo ya uwanja.

Kwake sikuweza kuwa wewe, maana anakujua. Nilimkuta akikinga maji kwenye chupa ndogo na kuzipanga. Nilisimama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba aliniuliza kama nimekuja kuchukua takataka. Nikasema mimi ni mdogo wa fulani, nikalitaja jina lako. Akaiweka mezani chupa aliyokuwa nayo. Alisema, yule wa nyuma kabisa, karibu na sinki. Alisema mradi wako wa mwaka wa tatu, ule wa matangi, bado anawaonyesha wanafunzi, na kwamba mwaka mzima alikuwa akisubiri unyooshe mkono, angalau mara moja, angalau kuomba kwenda msalani. Ulikuwa ukitoka wa kwanza kila kipindi kikiisha. Alidhani unamdharau.

Nilimwambia hukumdharau, ulikuwa unamwogopa. Akasema ajabu, maana na yeye alikuwa anakuogopa wewe, mwanafunzi anayenyamaza humfanya mwalimu ahisi amevaa suruali kinyume.

Nikamwomba barua. Akakataa. Usishtuke, sikiliza kwanza. Alisema barua ataiandika, na itakuwa nzuri, lakini hataiandika kwa kuombwa na mdogo mtu. Alisema amekusubiri mwaka mzima na anaweza kusubiri wiki chache zaidi. Uje au upige simu, uombe mwenyewe kwa mdomo wako. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Alisema ukishindwa kuomba, basi uzamili wenyewe hutauweza, kwa sababu kule kazi yote ni kuuliza, na hakuna viti vya nyuma.

Najua kiwanda kiko mbali. Najua ukija kusoma huku mshahara ule hautakuwepo, na sijui utaishije isipokuwa kulala tena na mimi kitanda kimoja, nami bado napiga mateke. Hilo sikumwuliza karani, nilisahau, au niliogopa. Na sijui kama B utaipata. Ninachojua ni kwamba mlango ulioniambia umefungwa nimeusukuma kwa kidole na ukalia.

Sasa yale yaliyonikosesha kiti wiki nzima. Nimefika hapa nikasimama, nikanywa maji, nikarudi, nikasimama tena.

Nilipomjibu karani kuhusu kukaa nyuma, sikuwa nakusemea wewe. Wewe hujawahi kuniambia kwa nini mwaka wa pili ulianguka, na mimi, kama kawaida yetu, sikukuuliza. Niliyasema yangu. Ni mimi niliyepotea wiki za mwanzo. Mwalimu wa kemia alipoanza moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe, nilikosa hatua moja, moja tu, nikasema nitaielewa kesho. Sasa tuko mwisho wa mwaka. Ninabeba vitabu kila mahali, kwa hiyo kila mtu anaamini nafaulu, lakini vile ninavyovisoma chini ya dawati ni vya hadithi. Muhula uliopita nilikuwa wa arobaini na moja kati ya arobaini na sita. Mama na baba hawajui. Sikuwadanganya, Dada. Hawakuuliza, nami sikusema.

Uliposema mlango umefungwa, nilisikia kufuli la kwangu pia. Nilijiambia, ikiwa dada aliyekuwa akiisoma glasi ya maji hana pa kurudi, mimi nitarudi wapi? Ndiyo maana nilikwenda. Nilivaa sweta yako, lakini njia niliyokuwa nikiulizia ilikuwa ya wote wawili. Karani hakujua kwamba yale aliyoniambia kuhusu mitihani ya kurudia niliyasikia mara mbili, mara moja kwa uchungu wako na mara moja kwa hofu yangu, maana digrii yako imefungwa lakini mwaka wangu bado uko wazi, wiki chache.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, na ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba hii anakuuliza: Je, unautaka mkataba huo wa miaka mitano? Ukisema ndiyo, nitaamini, na sitataja tena. Ukisema hapana, namba iko nyuma ya karatasi. Na swali la pili, kwa kuwa nimeshazoea: mwaka ule wa pili, ulikuwa umepotea ukaona haya kuuliza kama mimi, au nimekusingizia?

Mama na baba wanakusalimu, ingawa hawajui ninakuandikia. Cherehani inakusalimu kwa kelele zake. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani, na ujikinge pua unapokoroga. Mimi mdogo wako nikupendaye, na ambaye sweta yako ameifua,

Redio

Nyongeza. Naandika haya posta, kwa kalamu iliyofungwa kamba, kwa hiyo mwandiko umepinda. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo kipindi cha kemia kilipokwisha mwalimu aliuliza kama kuna swali, kama anavyouliza kila siku huku akikusanya chaki. Nilinyoosha mkono. Alitazama nyuma yangu akidhani ninaning'iniza kitu ukutani. Nikauliza moli ni nini. Darasa zima lilipiga kelele, mmoja akasema Redio imewaka lakini inasoma taarifa ya habari ya mwaka jana. Mwalimu hakucheka. Alifuta ubao, akaanza upya, na hatua niliyoikosa ilikuwa ile ya pili. Niliporudi nyumbani nikamwambia mama nafasi yangu darasani. Aliuondoa mguu kwenye cherehani. Akauliza, tangu lini? Nikamweleza yote, na yako pia. Akanipa nauli ya kuja huku, akasema barua isilale. Hapa posta kuna madirisha manne na sikujua la stempu ni lipi, nikauliza.